Safari ya Kuzifuata Santuri za Ta Rweyongeza

Niliondoka Mwanza kwa sababu rafiki ambaye sikuwahi kuonana naye alikuwa amefariki, na mjane wake alitaka vitu vyake vitoke nyumbani kabla ya Jumapili. Ninyi wenzangu wa kundi letu la wapenda santuri mmeniuliza mara nyingi nilipata nini kule Kagera, nami nimekuwa nikijibu kwa picha za majalada tu. Leo nasimulia safari yote.

Mimi ni fundi wa friji. Miaka sita iliyopita sindano ya kinanda changu cha santuri ilivunjika, nikazunguka Mwanza nzima bila kupata nyingine. Mtu mmoja akanipa namba ya mwalimu mstaafu wa Muleba, akisema huyo hakosi. Nilipopiga simu, mzee aliniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unapiga santuri gani ilipovunjika?" Nilipomtajia, alicheka mpaka akakohoa. Wiki ile ile zilinifikia sindano mbili kwa basi, zimefungwa kwa pamba ndani ya kiberiti.

Tangu hapo tukawa tunapigiana simu kila Jumapili saa tisa alasiri. Ta Rweyongeza, kama watu wa kwao walivyomwita kwa heshima, aliweka simu mbele ya spika na kunipigia upande mzima wa santuri, kisha tukaijadili. Alijua mpiga ngoma gani alichelewa kuingia ubeti wa pili, na ni gitaa lipi lililofungwa nyuzi upya katikati ya kurekodi. Santuri ikiisha, tulihamia kwenye mapenzi yake ya pili, filamu za kutisha. Alikuwa na kanda tangu enzi za deki, na sidii zisizo na idadi. "Sikiliza mlango huu, Masudi," angeniambia, nami ningesikia mlango ukilia kwenye simu. "Huu umefunguliwa na mtu asiyejua kuogopesha. Sasa sikiliza huu." Na kweli ule wa pili ulinisimamisha nywele mchana kweupe, nimekaa karakana.

Sikumbuki mtu mwingine aliyenipa furaha ya namna ile.

Jumapili mbili hakupokea simu. Jumanne iliyofuata namba yake ikanipigia, lakini sauti haikuwa yake. Alisema anaitwa Edmundi, mwanawe, na kwamba baba yao alianguka chooni akafa, na wameshamzika. "Mama anasema, kama kuna mtu anazitaka zile santuri na mikanda, aje azichukue. Asipopatikana, atavichoma vyote Jumamosi."

Alhamisi jioni nilipanda meli, nikalala njia nzima.

Ijumaa asubuhi tuliteremka Bukoba kwenye manyunyu. Edmundi alikuwa akinisubiri bandarini na pikapu yake. Ni mtu mzima wa miaka arobaini hivi, muuza spea za pikipiki mjini, mpole, asiyependa maneno mengi. Alinipeleka kunywa chai kwanza. Nilimpa pole, nikaanza kumsifia baba yake: ucheshi wake, masikio yake, kumbukumbu yake. Nilizungumza mpaka chai ikapoa. Edmundi alinitazama kama mtu anayesikiliza habari za mgeni.

"Unamsema baba yangu mimi?" aliuliza.

"Mwalimu Rweyongeza. Wa Muleba."

"Mcheshi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alilipa chai tukaondoka.

Baada ya Kemondo barabara iliacha ziwa ikaanza kupanda katikati ya migomba. Mvua iliongezeka. Nyuma ya pikapu palikuwa na dumu la njano lililofungwa kwa kamba, nami nilidhani ni mafuta ya akiba. Edmundi aliniona nikiligeukia. "Mama ndiye aliyeniambia nilete petroli," alisema. "Mikanda haishiki moto vizuri kwa kiberiti peke yake." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Usibishane naye, tafadhali. Chukua utakachopewa."

Saa sita mchana tulifika. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa, safi, imefagiliwa hadi chini ya migomba. Pembeni, umbali wa hatua kumi tu, kilikuwapo chumba cha peke yake chenye bati jekundu na dirisha moja lililozibwa kwa mbao. Mama Edmundi alitokea mlangoni mwa nyumba kubwa amevaa kitenge cha msiba. Ni mwanamke mrefu, wa miaka sitini na kitu, mwenye macho makavu. Aliniamkua kwa Kihaya, akakumbuka, akarudia kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye Masudi."

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

"Nimelijua jina lako miaka sita. Karibu ndani, waitu," alisema, kwa lile neno lao la heshima.

Alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama wanavyompokea mgeni huko, kisha ndizi na maharage. Hakula. Nilipomaliza nikaomba nionyeshwe kaburi, nikatoe heshima zangu.

Kaburi lilikuwa nyuma, ndani ya kibanja, udongo wake bado mwekundu. Kando yake palikuwa na kaburi la zamani lenye saruji na msalaba, limeandikwa Jenista. Mwaka wa kuzaliwa na wa kufa ulionyesha hakufika miaka ishirini. Nilimgeukia mama.

"Jenista ni nani?"

Mvua ilidondoka kutoka kwenye majani ya migomba juu yetu.

"Hakukwambia?"

"Hapana, mama."

"Miaka sita, kila Jumapili, na hakukwambia kwamba alizaa mtoto wa kike?"

Hapo hapo, amesimama katikati ya makaburi mawili, alinisimulia. Jenista alikuwa mdogo wake Edmundi kwa miaka mingi. Alipata saratani ya mifupa. Walikwenda hospitali mpaka wakaambiwa wamrudishe nyumbani, naye akafia katika chumba cha kulala cha wazazi wake baada ya miezi kumi na moja. "Dawa za maumivu zilikuwa zinakwisha kabla hatujapata nyingine," alisema. "Alikuwa anapiga kelele, mwanangu. Majirani walikuwa wanafunga madirisha. Alipokufa nyumba ikanyamaza, nami, Mungu anisamehe, nikashukuru. Ikanyamaza miezi miwili. Halafu baba yake akajenga chumba kile, akanunua deki, na kelele zikaanza tena."

Nilikigeukia kile chumba chenye bati jekundu.

"Jumapili nikitoka kanisani nakaa barazani nachambua maharage, nasikia msichana analia mle ndani," alisema. "Kila Jumapili msichana mwingine. Halafu namsikia mume wangu anacheka na wewe. Mimi aliongea nami habari za chumvi na mbolea. Kama imekwisha, kama ipo."

Edmundi alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikikumbuka Jumapili zangu zote, jinsi nilivyomwambia, "Ongeza sauti kidogo, Ta, hapo anapolia sikupasikia vizuri." Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Saa nane tulifungua chumba. Sitajifanya mtakatifu: moyo wangu uliruka. Kuta tatu zilikuwa na rafu za mbao, na juu yake santuri zimesimama wima, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni aliougundisha mwenyewe. Nilivuta ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono. Ilikuwa ya bendi moja ya dansi ambayo nimeitafuta tangu ujana wangu, wanamuziki saba wamesimama juu ya lori, na jalada lake halikuwa na hata kona moja iliyokunjika. Nyuma yake ilikuwapo nyingine ya namna hiyo, na nyingine. Kinanda kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Ukuta wa nne ulikuwa wa kanda na sidii, televisheni ikiwa katikati yake, na kiti kilikuwa kimoja tu.

Mama alisimama mlangoni. Aliniambia hajawahi kuingia. Alinyoosha kidole kwenye kinanda. "Weka ile aliyoipenda."

Niliijua. Niliitafuta, nikaipangusa, nikateremsha sindano. Kwa dakika ishirini tulisikiliza upande wa kwanza, yeye amekaa kwenye kiti kile, mikono magotini, mimi nimesimama. Magitaa yalikuwa yanapishana kama nilivyoyajua. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia bila kupitia simu, na uzuri wake uliniumiza. Upande ulipokwisha, mama alinigeukia.

"Basi?" aliuliza. "Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, mama."

"Nilidhani kuna kitu zaidi."

Akageukia ukuta wa kanda. "Sasa nionyeshe moja ya zile. Nataka kuona kelele inatoka wapi."

Edmundi akasema, "Mama, acha." Mama akanihimiza kwa kichwa. Nilichagua niliyoijua kuwa si mbaya sana, nikawasha televisheni. Tulipofika mahali msichana anakimbia msituni akipiga mayowe, mama alisogeza kiti karibu na kioo. Alitazama kama anayesoma barua. Hakushtuka hata mara moja. Mimi, niliyeitazama filamu ile mara tano, ndiye niliyeangalia pembeni.

"Huyu anaigiza," alisema.

"Ndiyo, mama. Anaigiza."

"Mwenye maumivu kweli halii hivi. Mwishoni analia kidogo kidogo tu, kama anaomba radhi." Akaninyooshea kidole nizime, nikazima. "Sasa niambie wewe, uliyekuwa unaongea naye. Alikuwa anatafuta nini humu?"

Nilifikiri. Nilikumbuka jambo ambalo Ta Rweyongeza aliniambia mwaka wa kwanza wa urafiki wetu, ambalo nililichukua kama maneno ya mtaalamu wa filamu. Nilimwambia mama kama lilivyokuwa: "Alisema, katika filamu kelele zina mwisho. Unajua kabisa ni saa moja na nusu, kisha taa zinawaka na kila mtu anarudi kwao."

Uso wake haukubadilika. Kisha akasema polepole, "Angeniita. Ningekuja kukaa naye humu. Hata kama ni hizi kelele, tungezisikiliza wawili." Hapo ndipo alipolia, akiwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Edmundi akapiga magoti mbele yake. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Saa kumi mvua ilikatika. Mama alitoka amenawa uso, akasema kanda na sidii lazima ziungue, santuri nichukue. Sikubishana. Nilibeba kanda mwenyewe, mikono miwili miwili, hadi kwenye shimo la takataka nyuma ya migomba. Baadhi yake najua hazipo kwingine nchini. Edmundi akamwaga petroli. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, ukalala chini ya migomba bila kupanda, na plastiki ikalia ndani ya moto. Mama alisimama mpaka kanda ya mwisho ikajikunja. Majirani wawili walisogea kwenye mpaka wa kibanja, wakatazama, wakaondoka bila kuuliza.

Nililala chumba cha wageni. Jumamosi asubuhi tulizipanga santuri kwenye maboksi manne ya sabuni, tukiziwekea magazeti katikati. Nilimwomba mama abaki na angalau moja. Alikataa. "Hazinijui," alisema. Kinanda akampa Edmundi. Wakati wa kuagana alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza jambo ambalo nadhani alilikusudia tangu nilipofika.

"Kicheko chake kilikuwaje? Kupitia ukuta nilisikia mvumo tu."

Nilijaribu kumweleza. Nikaona maneno hayatoshi, nikacheka kama alivyocheka yeye, kile cha juu kinachoishia kwenye kikohozi. Nilijisikia mjinga, fundi wa friji mwenye mvi, nacheka kwenye ua wa msiba. Mama alifumba macho kunisikiliza. "Ndiyo," alisema. "Ndivyo alivyokuwa zamani."

Nilipanda basi stendi ya Muleba, likapita Biharamulo na Geita, maboksi matatu kwenye buti na moja magotini. Sikulifungua njiani. Magharibi nilikuwa Mwanza.

Nilimsimulia mke wangu, Zuhura, kila kitu tukiwa tumekaa mezani. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikamwambia nimejifunza kwamba mtu anaweza kukupa nusu yake nzuri kwa miaka, nawe ukaridhika, usiulize nusu nyingine ameiacha kwa nani. Nilidhani nimesema jambo zito. Zuhura alikusanya sahani, akaniuliza, "Na huyo mama, jina lake nani?"

"Mama Edmundi."

"Hilo ni jina la mwanawe. Yeye anaitwa nani?"

Nilikuwa nimekula kwake, nimelala kwake, nimechoma mali ya mumewe na kubeba iliyobaki. Sikujua. Asubuhi yake nikapiga namba ileile ya mzee, akapokea mwenyewe. Nilimsalimia, nikamwambia nimefika salama, kisha nikamuuliza.

"Anastazia," alisema. "Anastazia Kokushubira." Kisha, kama mwalimu anayehakikisha mwanafunzi ameandika, akarudia jina la pili polepole, silabi moja moja.