Mbunge na Sinia la Chai

"Nani atagawa chai?" mwenyekiti wa jumuiya yetu ya wahamiaji aliuliza mkutanoni, mtaani kwetu Rissne. Akamgeukia mbunge kijana, binti aliyekulia mtaa mwingine wa wahamiaji, Vårby gård: "Mwanangu, tusaidie."

Binti alikuwa amekuja kusikiliza maoni yetu kuhusu muswada wa vibali vya ukaazi, unaopigiwa kura Jumatano. Akaweka daftari chini, akabeba sinia. Alipomfikia mzee wa mwisho, mwenyekiti alikuwa ameshafunga mkutano kwa sala.

"Na maoni yenu je?" mbunge akauliza.

"Utakuja tena, mama. Hii umetia sukari?" mwenyekiti akajibu.

Jamani! Kila siku tunalia kwamba bungeni hatuna mtu. Tumempata, tukambebesha sinia. Hata mimi nilipokea kikombe, nikashukuru.

Mwenyekiti, tafadhali itisha mkutano naye tena kabla ya Jumatano, na chai ugawe wewe.