Baba Ameapa Kinywa, Hakuapa Vidole

Mume wangu ni fundi vitasa, na mlango wetu wa nyuma hauna kitasa. Tunauegemezea tofali. Mganga hajigangi, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kuamka usiku wakakanyaga hilo tofali kwa kidole gumba. Nimeshalalamika mpaka nimechoka. Sasa nimenyamaza, tofali lilinde nyumba.

Kibanda chake kiko pembeni mwa soko. Kuna meza yenye jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchonga funguo inayolia mpaka meno yanaingia ganzi, na ukuta mzima wa misumari yenye funguo. Mimi ndiye ninayepokea wateja, kwa sababu mume wangu hapokei watu, anapokea kufuli. Mtu akimsalimia, "Habari za asubuhi, Fundi?" yeye anajibu, "Lete." Sokoni wamempa jina la Komeo, nalo limemkaa sawasawa.

Mtu pekee aliyeweza kumfungua huyo Komeo ni binti yetu. Tangu hajafikia urefu wa meza alikuwa akishinda pale na tupa ya kusugulia chuma mkononi, na wateja wakamwita Fundi Mdogo. Baba na mwana walikuwa wakibishana juu ya springi na meno ya funguo mpaka chakula kinapoa, mimi nimekaa katikati yao kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilikuwa nawagombeza, lakini moyoni nilifurahi.

Basi Fundi Mdogo akapata kazi mji mwingine, kwenye kampuni inayofunga milango ya namba. Unabonyeza namba zako, mlango unafunguka, huna haja ya ufunguo. Akaja kutuambia akiwa amejawa na furaha. Baba yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Ufunguo wake uko wapi?"

"Hauna ufunguo, Baba."

"Basi huo si mlango. Hilo ni pazia."

Maneno yakazaa maneno. Binti naye damu ni ileile, hajui kushindwa. Akamwambia baba yake kwamba iko siku funguo zake zote zitakuwa mapambo ya ukutani. Loo! Mume wangu akaweka tupa chini, akala kiapo mbele yangu na mbele ya mteja mmoja aliyekuja na kufuli la baiskeli: "Kinywa changu na chako, basi."

Tangu siku hiyo simu ya mtoto hapokei. Akinipigia mimi, mzee anatoka nje kwenda kuangalia ukuta wa jirani, kana kwamba unaonyesha mpira. Nimelia, nimenuna, nimegoma kupika. Alikula mkate mkavu siku mbili, nikaona nitamuua mtu bure.

Sasa wiki hiyo ninayoisimulia, binti akanipigia. Kuna kijana, na wazee wa kijana wanakuja kwetu Jumamosi kuposa. Nikapiga kigelegele kimoja pale sokoni, muuza vitunguu akaangusha mzani. Kisha binti akauliza polepole, "Mama, Baba atakaa na wageni?"

"Mwanangu, kiapo chake unakijua."

"Baba ameapa kinywa, Mama. Hakuapa vidole. Ile akaunti ya barua pepe niliyomfungulia kabla hatujagombana bado ipo, na neno la siri alilitunga mwenyewe. Nimemwandikia humo. Nataka jibu kabla ya Jumamosi, na nataka lake mwenyewe. Ukinijibia wewe nitakujua, maana Baba hawezi kuandika 'mwanangu kipenzi'."

Nikampelekea mzee habari. Akasema, "Sawa," akaendelea kupiga tupa. Nikamwambia tena kwa sauti ya juu. Akasema, "Nimesikia." Nikamwambia mara ya tatu kwa sauti ambayo hata wauza samaki waliisikia, akawasha mashine ya funguo.

Aliyemtoa pale alipo ni mdogo wake. Huyu shemeji yangu ni mtu wa maneno mengi, yale ambayo kaka yake hayatumii nadhani huyachukua yeye. Akaja kibandani jioni, ananukia manukato, akasema, "Shemeji, nimesikia kuna ugeni Jumamosi. Kaka akishindwa kukaa, baba mdogo nipo. Suti nimeshaichukua kwa dobi." Mume wangu hakuinua kichwa, ila tupa ilisimama.

Kesho yake asubuhi nikamkuta amevaa shati la kola.

"Twende kwenye kompyuta," akasema.

Tukaenda duka la kuchapa na kutoa kopi, la dada mmoja mpole mwenye miwani. Mume wangu kwanza akaizunguka kompyuta, akaichungulia nyuma, akapapasa nyaya. Hajakaa bado akauliza, "Nani mwingine ana ufunguo wa hii?"

"Akaunti ni yako peke yako, mzee," dada akamwambia. "Hapa unaandika anwani yako, halafu neno lako la siri, halafu unabonyeza pale palipoandikwa Ingia. Basi."

Anwani tukaiandika kwa jasho. Kila herufi aliitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na akiipata anaibonyeza kwa nguvu mpaka zinatoka tano. Tulipofika kwenye ile alama ya katikati, herufi a iliyozungushiwa duara, akasimamisha kazi.

"Hii nani kaifungia ndani?"

"Ndivyo ilivyo, mzee," dada akasema.

"Haina pa kutokea?"

"Baba, bonyeza!" nikamwambia. Nyuma yetu mwalimu mmoja aliyekuja kutoa kopi za mtihani alishaanza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa.

Ikaja zamu ya neno la siri. Mume wangu akatutazama mmoja mmoja. "Geukeni." Tukageuka. Dada mwenye duka akageuka. Mwalimu akageuka na mitihani yake. Tukasikia kidole kinagonga, kinanyamaza, kinagonga.

"Mbona naandika herufi inaniandikia nukta?"

"Inalificha neno lako, watu wasilisome," dada akajibu, uso umeelekea ukutani.

"Ahaa," mume wangu akasema kwa heshima. "Hii angalau ina adabu."

Akabonyeza Ingia. Kompyuta ikasema neno la siri si sahihi. Akaandika tena. Ikasema vilevile. Dada akamshauri aangalie kama herufi kubwa zimewashwa, hazikuwa zimewashwa. Akamwambia asihangaike, kuna njia ya kuingia ukisahau, unajibu maswali uliyojiwekea siku ya kwanza. Swali likatokea: mwalimu wako wa kwanza aliitwa nani?

Mume wangu akakuna upara. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za huyu wangu zilishapukutika siku nyingi.

"Andika jina la mwalimu," nikamwambia.

"Sikuandika la mwalimu. Mtu nisiyemjua ananiuliza mambo yangu, nimjibu kweli? Niliandika uongo."

"Uongo upi?"

"Mke wangu, uongo ukishausema si unauacha palepale?"

Jamani! Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye kiti cha plastiki mbele ya mwalimu. Dada akaeleza kwamba akikosea mara moja zaidi akaunti itamfungia mpaka kesho.

"Itanifungia? Mimi?" Akainuka. "Haya, nimesahau. Twende nyumbani."

Akatoka. Nami nikamfuata nikiwa nimefura kwa hasira, lakini kuna kitu nilikiona. Mzee alikuwa anatembea vizuri mno. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua gunia.

Mchana huo akaja mama mmoja kibandani. Amepoteza ufunguo wa kabati, na kabati lenyewe hakulibeba, nani abebe kabati? Mume wangu akamtazama, akasema, "Kitasa chako nilikifunga mimi, mwaka ule mvua iliingia sokoni. Jino la pili fupi, la tatu limepinda." Akachukua ufunguo mtupu, akaanza kuchonga bila kupima. Yule mama akaenda nao, akarudi kushukuru. Kabati limefunguka.

Nikamtazama mume wangu akipangusa vumbi la chuma. Nikamwacha mama aende zake, nikaburuta kigoda changu nikakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Baba watoto. Wewe unakumbuka jino la kabati la watu tangu mwaka wa mafuriko. Neno ulilolitunga mwenyewe umelisahau?"

Akashika tupa. Nikamnyang'anya tupa.

"Wewe hujasahau. Ulikuwa unakosea kwa makusudi. Mbele ya mwalimu wa watu!"

Nilingoja anijibu "Lete" au "Sawa". Badala yake akasema maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake kwa mwezi mzima, akiwa anaangalia mikono yake.

"Mdogo wangu hapeleki suti kwa dobi bure. Nani kamwambia? Kama mtoto ndiye aliyemwita, barua ile ni ya kuniaga. Nikiifungua, nimeshaambiwa. Isipofunguliwa, bado mimi ni baba yake."

Hasira zangu zote zikaniishia, nikabaki na tupa mkononi sijui niipeleke wapi. Miaka yote hii nilidhani nimeolewa na chuma. Kumbe mwenzangu alikuwa anatetemeka humo ndani, na mimi nimegoma kumpikia. Nilimwonea huruma.

"Mjinga wewe," nikamwambia, na machozi yananitoka. "Mdogo wako tangu lini anaitwa? Kwenye msiba wa jirani si alifika na hotuba mfukoni, na marehemu hamjui? Inuka!"

"Wateja..."

"Wateja wakae nje ya makabati yao mpaka kesho. Inuka, twende!"

Dada wa kompyuta alikuwa anafunga duka. Alipotuona akafungua tena, bila kuuliza. Mume wangu akakaa. Anwani akaiandika. Ile a ya kwenye duara akaipita bila maswali. Akasema, "Geukeni," tukageuka, na safari hii kidole hakikusita. Tuligeuka tena barua ikiwa tayari imefunguka.

Akasoma kwa midomo, neno kwa neno. Nami nikasoma begani kwake, nani angenizuia?

"Baba, shikamoo. Wageni wanakuja Jumamosi. Watu wananiambia nimwombe baba mdogo akae mahali pako. Sitamwomba. Mimi siposwi kwa baba wa kuazima. Kama hutaki kukaa, nitawaambia wageni wasije, na nitamweleza mwenzangu angoje mpaka hasira zako ziishe. Hasira hizo nazijua, ninazo. Naomba unijibu wewe mwenyewe."

Akafika mwisho, akarudi juu, akasoma upya. Kisha akavuta pumzi ndefu, akauliza pa kuandikia jibu. Dada akamwonyesha, akaenda mbali kupanga karatasi zilizokwisha pangika.

Alihangaika hapo mpaka nikadhani anaandika kitabu. Nilipochungulia, kulikuwa na maneno matatu: "Marahaba. Nitakaa mimi."

"Ongeza hata neno la upendo!" nikamwambia.

"Lipo humo," akasema, akabonyeza Tuma.

Nikainuka, nikachukua mkoba wangu. Yeye akabaki amekaa.

"Twende, Baba. Dada anataka kufunga."

"Nangoja."

"Jibu haliji papo hapo. Mtoto yuko kazini, ana shughuli zake, labda ataona kesho..."

Kompyuta ikalia mlio mdogo. Barua mpya. Dada akaja mbio akamsaidia kuibonyeza. Haikuwa na salamu wala jina, ilikuwa mstari mmoja tu.

"Baba, upo hapo?"

Mume wangu akaitazama. Akanyoosha kidole kwenye herufi, kikaning'inia hewani, akakirudisha. Akanyoosha tena. Dada akageuka mwenyewe, bila kuambiwa.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "nipo inaandikwaje?"

Neno hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Nikamtazama usoni, nikaona macho yamejaa mpaka hayaoni herufi. Nikamshika kidole chake, kigumu, chenye vumbi la chuma, tukaandika pamoja.