Siku Niliyolitetea Bomu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba bomu la atomiki la Hiroshima liliangukia kambi ya jeshi. Alasiri ya mdahalo shuleni Kanga, harufu ya mwani uliokuwa ukikauka ikiingia dirishani, nililitetea kwa hoja niliyoikariri mpaka koo likauma: lilimaliza vita.

Mwanahawa, msemaji wa upande wa pili, akaniuliza, "Weye, baruti ikipigwa baharini hufa samaki wakubwa peke yao?"

"Pale walikuwepo wanajeshi tu, bibie!"

Darasa zima likanipigia makofi. Nikashinda.

Juzi niliona picha ya mkebe wa chakula wa mwanafunzi wa Hiroshima, wali umegeuka mkaa. Nilimpigia Mwanahawa simu, nikamwambia alishinda yeye. Bomu lile silitetei tena.