Moshi Uliofukuzwa Mbalibali

Hapa Mbalibali ukitaka kuharibu mazungumzo, taja jiko. Mimi nikilisikia neno hilo damu inachemka, na wala si Waisiko ninayemkasirikia.

Waisiko ni jirani yangu, mke wa Sadock. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiojua kupumzika. Ana binti mmoja, Ghati, ambaye mwaka jana alifikia umri wa kuanza kwenda kuni. Sisi tunaopakana na pori la akiba tunajua maana yake. Kuni za karibu zilikwisha zamani. Unaingia porini kwa kuiba, sikio moja kwa nyati, la pili kwa askari wa wanyamapori, na ukitoka salama unajua kesho kutwa utarudi. Waisiko aliapa mbele yetu kisimani, "Huyu mtoto wangu haingii pori lile. Mtaniona."

Tulimcheka. Tukamuuliza kama atapika kwa mate.

Halafu akaja mtaalamu wa mradi, kijana anayeitwa Ezra, kufundisha majiko banifu. Ni jiko la udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, lina mlango mdogo wa kuni, na bomba la kutoa moshi nje. Jiko la kwanza la Waisiko lilipasuka. La pili likaegemea upande kama mlevi. La tatu lilipika ugali wa watu wote waliokuja kushangaa, kwa magunzi na vijiti vya uani tu! Mama mkwe wake, Bhoke, bibi mkali kuliko pilipili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia amjengee. Wiki ile akatangaza kwamba macho yameacha kumwasha. Baada ya hapo nani angebisha? Waisiko akajenga nyumba kwa nyumba, huyu akimpa kuku, yule akimpa asante. Kufikia mavuno, jikoni kwetu kulikuwa kweupe, na porini hatukanyagi. Nakumbuka Ghati akiruka kamba uani saa ambazo wasichana wa rika lake zamani wangekuwa wamejitwisha mizigo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyocheka kisimani.

Sasa, sisi tuna desturi yetu ya mbegu. Ukishavuna unachagua mahindi mazuri kuliko yote, unayafunga kwa maganda yake na kuyatundika kwenye fito juu ya moto. Hayaguswi mpaka mvua ya kupandia. Wazee wanasema mbegu inayosumbuliwa haioti. Basi nasi tukatundika palepale, juu ya majiko mapya, tukalala usingizi. Tulidhani ni mahali panapolinda mbegu. Kumbe ni moshi, na moshi tulikwisha kuufukuza.

Mvua iliponyesha, Bhoke alitungua mahindi yake. Kwa nje maganda yalikuwa mazima, makavu, ya kupendeza. Alipomenya la kwanza, unga ulimwagika mapajani mwake, na dumuzi wakatembea mikononi. Akamenya la pili. Akamenya yote. Ile ilikuwa mbegu nyekundu aliyokuja nayo kutoka Kisaka alipoolewa, aliyopewa na mama yake, na kwao Kisaka hakuna tena aliye nayo. Sijawahi kumwona bibi yule akilia. Siku ile alilia kama mtoto, na kutoka nyumba za jirani tukasikia wengine wakianza.

Waliokuwa na mbuzi waliuza wakanunua mbegu za dukani. Wengine walipanda walichoomba kwa ndugu. Waisiko alimpigia simu Ezra, ambaye mradi wake ulikwishahamia kwingine. Akajibiwa, "Pole sana mama. Sisi tulifundisha kupika tu." Kupika tu! Kama vile mtu anapika asichopanda.

Waisiko hakukata tamaa siku ile. Alituita, akasimama mbele yetu.

"Jiko halina kosa," alisema. "Mbegu tungezikausha, tukazichanganya na majivu, tukazifunika kwenye dumu. Jivu la jiko hilihili lingetosha."

"Dumu la kuwekea nini, mama Ghati?" mwanamke mmoja akamuuliza.

Hakuna aliyecheka. Alikuwa anasema kweli, na kweli yake ilikuwa imechelewa. Asante ya punda ni mateke, lakini hata mateke hatukumpiga. Tuliondoka tu, mmoja mmoja, na majembe yakaanza kusikika jikoni. Jiko langu nililibomoa mwenyewe. Nina watoto wa kulisha na sikutaka kubahatisha tena.

Asubuhi iliyofuata Bhoke alimwita mkwewe. Nilikuwepo, nimekwenda kumpa pole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliyejenga ni wewe, Waisiko. Bomoa."

"Mama, nipe mwaka mmoja. Nitakuonyesha."

"Mbegu ya mama yangu utanionyeshea wapi?"

Waisiko alibomoa. Aliubeba udongo nje kwa karai, akarudisha mafiga matatu mahali pake, na Bhoke akamwambia kwamba moto unataka kuni. Kwetu kuni za bibi huletwa na mjukuu wa kike. Hilo halina mjadala, na bibi yule ana mjukuu mmoja tu. Sadock alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Alitazama ng'ombe wake.

Ghati akatoka na panga na kamba ya katani, akasimama mbele ya mama yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anataka tu asikosee.

"Mama, mzigo unaanza kuufungia wapi?"

Waisiko alipiga magoti kwenye vumbi la jiko lake, akachukua ile kamba, akamfundisha.