Jibu la Mama wa Bondeni

Leo wanafunzi wangu wa ukunga wameniuliza mbona siwafokei kina mama wanaojifungua. Nikawasimulia hili.

Miaka ya tisini, baada ya miaka kadhaa ya kuzalisha hospitali, nilirudi chuoni kujiendeleza. Nikafanya utafiti mtaa wa Bondeni: kwa nini kina mama wengine wanazalia nyumbani?

Katika nyumba moja nikamuuliza mama aliyepakata mtoto mchanga, "Dada, mbona safari hii hukwenda hospitali?"

Akanijibu:

"Kwa sababu yako. Kwenye uzazi wangu wa kwanza wewe ulinipiga kofi pajani, ukaniambia ninyamaze."

Wallahi, hata sura yake sikuikumbuka.

Mama mkwe wake, aliyekuwa kando yetu, akaacha kupeta mchele. Nikaiweka kalamu chini.

"Andika," akasema yule dada. "Si umekuja kuuliza?"

Nikaandika yote, na jina langu kama mkunga aliyempiga. Kisha nikamwomba radhi.

Akainuka. Akanifungulia mlango nitoke.

Wakunga wenzangu, nyinyi mngeandika?