Chumba cha Kwanza Kuzimika

Siku yangu ya kwanza kazini, Gestionnaire wa kituo cha afya, yaani msimamizi wa mali na watu wake, alinipokea mlangoni akiwa na ufunguo wa chumba cha betri. Alitazama viatu vyangu, akatazama bisibisi niliyoichomeka kwenye fundo la kitenge, akacheka.

“Ni we fundi? Niliomba fundi, banatuma bibi-arusi!”

“Ni mi, Chef.”

“Sawa. Mi niko na sheria moja tu: hapa kusikuwe giza.”

Kituo kile kilikuwa katika kijiji cha ziwani, kusini mwa mji wa Baraka, ambako nguzo za umeme hazikuwahi kufika. Tuliishi kwa jua. Paneli zilikaa juu ya bati zikinasa mwanga, betri zikautunza, na katikati yao kulikuwa na kisanduku kidogo chenye taa tatu kiitwacho kidhibiti. Betri ikishuka mno, kidhibiti hukata umeme wote, kwa sababu betri iliyonyonywa hadi tone la mwisho haifufuki. Asubuhi za kwanza nilikuwa nasimama mbele ya kisanduku kile kama mtu aliye kanisani. Jua lililowapiga wavuvi mgongoni saa sita ndilo lililopoza chanjo baada ya magharibi. Mpaka leo sijazoea jambo hilo.

Lakini hakuna aliyekipenda kidhibiti. Msimu wa mvua ulipoingia kilikata umeme mara kwa mara, na siku moja kilizima televisheni ya Gestionnaire katikati ya mpira. Alinijia mbio.

“Mama, ruka hiyo kitu. Fanya direkti.”

Kufanya direkti ni kuchukua kipande cha waya wa shaba na kuunganisha betri moja kwa moja na nyumba, kidhibiti kikiachwa kando kama mlinzi aliyefungiwa nje. Nilimaliza kwa dakika tatu. Taa ziliwaka, watu wakapiga makofi, nami nikatembea siku ile nimeinua kichwa.

Wiki chache baadaye betri zilikufa, zimenyonywa usiku kucha bila kitu cha kuzikata. Ilikuwa asubuhi, na mashine ya oksijeni ilikuwa inamsaidia mtoto aliyezaliwa alfajiri. Mama Salima, mkunga wetu, alimfunga mtoto kifuani akapanda pikipiki kwenda Baraka. Hakufika naye hai.

Aliporudi alasiri nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha betri, nikingoja matusi. Alikaa kando yangu, akanyoosha miguu yenye vumbi.

“Mwanangu, umeme ulipoisha, nani alisema televisheni ikule kwanza, mutoto nyuma?”

“Hakuna aliyesema, Mama.”

“Ndio ile inaniogopesha,” alisema.

Nilihamishwa mara mbili baada ya hapo. Nilipanda milimani hadi Minembwe, ambako wapagazi walinibebea betri mgongoni siku mbili za kutembea, kisha nikashushwa Baraka, kwenye hospitali ambako Mama Salima alikuwa tayari mkuu wa wodi ya uzazi. Nilimkuta nikamwambia kwamba safari hii nataka kuzifunga nyaya upya kutoka mwanzo, naye awe nami.

Tulipita chumba kwa chumba na daftari, tukiuliza swali moja: hapa umeme ukikosekana saa moja, nani anaumia? Kwenye maabara walifikiri sana kabla ya kujibu. Kwenye ofisi walikasirika. Kwenye korido tulikuta simu za nusu ya mtaa zimejazana kwenye soketi moja, zikinyonya. Mwisho niligawa umeme wa hospitali katika mistari minne, kila mmoja na relei yake, ambayo ni swichi inayojifungua yenyewe betri ikishuka hadi kiwango nilichoipangia. Hivyo hospitali isingezimika yote kwa pigo moja. Ingezimika kwa zamu, na mstari wa mwisho kabisa ungekuwa mashine ya oksijeni na taa ya uzazi.

Nilimpelekea Daktari Mkurugenzi mchoro. Mama Salima alikuja nami. Daktari aliusoma polepole, akiitafuta ofisi yake.

“Na bureau yangu iko ya ngapi?”

“Ya kwanza, Daktari.”

“Ya kwanza kubaki?”

“Ya kwanza kuzimika.”

Alivua miwani. “We mama, unajua mi niko nani hapa?”

“Anajua,” Mama Salima akadakia. “Kama bureau ya mukubwa inazimika mbele, nani mwingine atalalamika?”

Nilidhani nimeipoteza kazi. Daktari akacheka kwa shida, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. “Sawa. Lakini batu batakuja na waya. Muntu asiyejua sababu ya giza, atafanya direkti.”

Hilo sikuwa nimeliwaza, na alisema kweli. Kidhibiti cha kule kijijini kilihifadhi betri vizuri sana. Watu ndio hakikuwaambia kitu, nao wakakiruka. Mama Salima aliagiza ubao mweusi, akautundika juu ya soketi za simu. Kila mtoto alipowekwa kwenye mashine, Mama Salima aliandika hapo ni mtoto wa nani anayepumua.

Kisha ikaja mvua ya siku tatu. Ziwa na mbingu vikawa rangi moja. Siku ya pili bureau ya Daktari ilizimika. Alitoka na kiti chake, akakiweka koridoni chini ya dirisha, akaendelea kuandika bila kumtazama mtu. Siku ya tatu zikafuata simu. Mwenye boti mmoja, mtu mkubwa wa sauti kubwa, alinikuta hapo, akaniita Mama Umeme kwa Kifaransa.

“Mama Courant! Jua umelificha wapi? Umelifunga mu kitenge?”

Nilimwonyesha ubao. Ulikuwa umeandikwa: Mutoto wa Asende. Asende mwenyewe alikuwa amekaa chini yake, msichana aliyejifungua siku ile, akihesabu pumzi za mwanawe kupitia mlango ulio wazi. Mwenye boti alimwangalia, akachomoa simu yake, akaondoka.

Alasiri sindano ya mita ya betri ilikaribia alama ya mwisho, ile ya kukata hata mashine ya oksijeni. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na kipande cha waya wa shaba. Nilikuta kimeshafika mkononi mwangu.

“Weka,” Mama Salima alisema.

“Itakata, Mama.”

“Na ukifanya direkti?”

“Itafika kesho pengine. Halafu betri zote zinakufa, na mutoto wa kesho anakosa.”

Aliniacha akaenda koridoni. Sikusikia alichowaambia watu. Nilichoona ni mwenye boti akirudi kwenye mvua, betri ya boti begani, imefunikwa turubai. “Funga hii,” alisema akihema. “Leo sisafiri.” Nyuma yake ikaja betri ya vyombo vya kwaya. Kisha wanaume wawili wakaleta ya kipaza sauti cha msikiti, wameishika kila mmoja upande wake. Nilizipanga sakafuni, nikazifunga moja baada ya nyingine, zote kupitia kidhibiti. Moja ilipokatwa, niliweka inayofuata, na mashine ikarudi kuhema.

Siku ile adhana ya magharibi iliitwa kwa koo tupu. Ilivuka mvua ikatufikia nyembamba, na kila mtu koridoni akanyamaza, Wakristo na Waislamu. Wote tulijua kwa nini ilikuwa ndogo vile. Nimefanya kazi na umeme maisha yangu yote, na sijawahi kuona nguvu kubwa kuliko ile sauti.

Kesho yake jua lilitoka. Mutoto wa Asende leo ni msichana wa shule, na ana makelele.

Nimestaafu. Vijana mnaokuja na mashine zenye akili kuliko zangu, siwezi kuwafundisha hesabu zake. Nawaombeni tu muamue mapema, mchana, mkiwa hamna haraka, nani atakosa kwanza, na mumwambie kwa ajili ya nani.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kupima presha. Kulikuwa na mawingu, nami nilikaa koridoni nikingoja zamu. Mkurugenzi wa sasa ni mgeni, hanijui, wala sidhani kuna mtu aliyemsimulia haya. Taa ya ofisi yake ilizimika. Akatoka, akausoma ubao, akarudi ndani. Akatoka tena amebeba kiti.

Nilisogeza miguu yangu apate nafasi chini ya dirisha.