Redio Iliyosikika Ziwani

Serikali iliporuhusu watu binafsi kumiliki redio, wengi Mbinga tulidhani hayo ni mambo ya wakubwa wa Dar es Salaam. Tajiri mmoja wa mjini kwetu hakudhani hivyo. Alikuwa mzee wa asili ya pwani, muuza bati, misumari na rangi, na juu ya duka lake kulikuwa na chumba kilichojaa mabomba. Akayahamisha mabomba, akafunika kuta kwa magodoro kuzuia kelele za sokoni, akasimamisha mnara kilimani. Redio ikaanza.

Muziki wa kurukaruka hakuutaka hata kuusikia. "Hapa tutapiga nyimbo za watu wenye majukumu," alituambia. Basi tukapiga nyimbo za taratibu: rumba laini, nyimbo za mapenzi za zamani, na za Kizungu ambazo hatukuelewa maneno yake ila tulizipenda hivyo hivyo. Vijana walituita redio ya wastaafu. Sisi hatukujali, kwa sababu wenye maduka, mama lishe na wakulima wa kahawa walikuwa wetu. Msimu wa kahawa, wanunuzi binafsi waliokuwa wameanza kuingia wilayani waligombania matangazo hadi nyimbo zikakosa nafasi, na mzee akawa anapanda ngazi huku akiimba.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa jioni, na niseme ukweli, nilikuwa mzuri. Nilikuwa nimeacha ualimu kwa ajili ya kile kipaza sauti. Sokoni watu waliijua sauti yangu kabla ya kuiona sura yangu, na nilipenda mno. Mtu mmoja tu hakuwahi kunisikia: mama yangu.

Mama aliishi ufukweni mwa ziwa, upande wa Liuli, chini kabisa ya milima. Matangazo yetu yalipita juu ya mapaa yao yakaenda zake. Huko walinasa stesheni za Malawi vizuri tu, lakini sisi wa hapo jirani, hamna kitu. Kwa hiyo mama alichojua ni kwamba mwanawe ameacha chaki na sasa anashinda juu ya duka la misumari akipiga domo. Majirani aliwaambia bado nafundisha. Kwangu akatuma ujumbe kupitia mjomba, mdogo wake, aliyeleta usipa, wale dagaa wa ziwani, kuuza Mbinga: shule zikifunguliwa, nirudi darasani. Iliniuma. Niliipenda ile kazi kuliko chochote, lakini kuifanya huku mama ananionea aibu sikuweza. Nikaanza kujiuliza kama mwalimu mkuu wangu wa zamani angenipokea.

Aliyeniokoa ni mjomba huyo huyo. Alikuwa na redio ndogo ya Kichina aliyoibeba hata kwenye mtumbwi, na siku moja aligundua kwamba ukipiga kasia mpaka mbali na nchi kavu, kivuli cha milima kinaisha na sauti yangu inatokea, safi kabisa. Akaenda kumwambia mama. Mama akasema ni mwongo kama mimi.

"Basi panda twende, dada."

Hapo pakawa na kazi. Kwetu mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia. Wavuvi husema samaki watahama. Mjomba akafikiri, kisha akatoa nyavu zote akaziacha mchangani. Bila nyavu, akasema, huu si mtumbwi wa kuvulia. Wenzake wawili walioshika makasia wakacheka, wakausukuma mtumbwi majini. Mwera, ule upepo wao mkali, siku hiyo haukuvuma. Wakaenda.

Jumamosi mjomba akaja sokoni na usipa wake, nami niliyekuwa nimedokezwa safari hiyo nikamkimbilia.

"Shikamoo mjomba. Mama amesemaje?"

"Marahaba. Amekasirika."

"Kwa nini tena?"

"Anasema umeingia kwenye nyumba za watu wazima na 'mambo vipi'. Hukumwamkia mtu. Anauliza nani amekulea. Jumatatu anataka kwenda tena."

Nilicheka. Jumatatu jioni nikavuta kiti, nikazima wimbo kabla haujaisha, nikasema: "Shikamooni wazee wangu wote mnaonisikiliza. Na wewe uliyeko majini, shikamoo mama." Mzee akachungulia mlangoni kuona nimepatwa na nini. Nikaendelea na kipindi mpaka mwisho.

Mjomba aliporudi Mbinga sikuhitaji kumuuliza. Alisema wapiga makasia walikuwa wakibishana habari za mpira nilipoanza kuongea. Mama akaitikia marahaba kwa sauti, akiielekea redio, kisha akawageukia.

"Nyamazeni," akawaambia. "Mwanangu yuko kazini."